Kanga doti ishirini sandukuni, na vyeti viko wapi?



Juzi tulikuwa kwenye kufunga sanduku la bibi harusi. Mnaijua shughuli hiyo. Kanga zinahesabiwa doti kwa doti na kila moja inasomwa jina lake kwa sauti, udi unanuswa, dera linapimwa kifuani, na somo amekaa pembeni anatoa amri. Bwana harusi yuko ng'ambo, bibi harusi atamfuata akipata viza. Mmoja wetu, mwenye kimbelembele kidogo, akauliza: "Na vyeti vyake viko wapi?" Pakawa kimya, kisha kicheko. Mama mmoja akasema, "Mwanangu anaolewa, haendi kuomba kazi." Baadaye tukaambiwa vyeti viko kwa mjomba Dar es Salaam, kwenye begi moja na hati za shamba la minazi, na mjomba mwenyewe hapokei simu tangu Idi.

Kicheko kile kinatuchoma mpaka leo. Mahari ya binti yetu tunayaandika, mashahidi wanakaa, walii anasema neno lake, cheti cha ndoa kinawekwa mahali salama. Lakini miaka yake kumi na moja ya shule na miaka yake ya kazi hakuna anayeiwekea karatasi. Siku ikija ya kuulizwa, "Thibitisha unachokijua," anabaki kutoa macho. Na waliomfikisha hapo si wageni. Ni sisi wenyewe, jamaa zetu na mabosi zetu.

Tuwasimulie ya dada yetu mmoja, ambaye ametupa ruhusa ilimradi tusimtaje. Alipika miaka sita kwenye hoteli moja ya watalii hapa kisiwani. Mwaka wa kwanza aliosha masufuria. Kuanzia wa pili alikuwa jikoni kwenyewe: pweza wa nazi, kambakoche, mikate ya asubuhi, na usiku mzima wa kazi msimu ule wa wageni wa papa potwe, Oktoba hadi Machi. Aliacha alipojifungua mtoto wa pili. Baadaye akapata mwajiri Marekani, mwenye mkahawa, anayetaka mpishi aliyefanya kazi hiyo miaka miwili au zaidi. Mwanasheria wa mwajiri akamtumia ujumbe wa mistari miwili: tafadhali leta barua za waajiri wako wa zamani.

Akapanda bodaboda mpaka hotelini. Mwenye hoteli wa zamani aliuza akaondoka. Meneja aliyemwajiri hayupo. Ofisi mpya ikamwambia, kwa adabu, kwamba haina faili lake. Mkataba hakuwahi kupewa. Mshahara alipokea kwenye bahasha na kutia sahihi kwenye daftari, ambalo hakuna ajuaye liliko. NSSF hakuwahi kukatiwa wala kuchangiwa. Ushahidi wake wa miaka sita ya moto na moshi ulikuwa picha moja ya jikoni na aproni aliyoondoka nayo.

Sasa tuseme sheria ya huko inataka nini, maana wengi wetu tunadhani ni siri ya mawakili, na palipo na siri ndipo matapeli wanapofungua duka.

Viza ya kuhamia Marekani kwa kazi ya ujuzi wa namna hii iko kwenye kundi liitwalo EB-3. Anayepeleka ombi ni mwajiri, kwa fomu I-140, na mara nyingi kabla ya hapo lazima Wizara ya Kazi ya Marekani ithibitishe kwamba hakupatikana Mmarekani mwenye sifa aliye tayari kuifanya kazi ile. Mfanyakazi mwenye ujuzi ni yule ambaye kazi yake inahitaji angalau miaka miwili ya mafunzo au uzoefu. Kama kazi ni ya msomi, inatakiwa shahada ya kwanza ya huko au inayolingana nayo, na hapo miaka ya kazini haijazi pengo la shahada. Wenye stashahada, lishikeni hilo mapema. Kazi isiyohitaji hata miaka miwili ina foleni yake ndani ya kundi hilo hilo, na mara nyingi foleni hiyo ni ndefu zaidi.

Uzoefu unathibitishwa kwa barua ya mwajiri wa sasa au wa zamani. Barua iwe na jina, anwani na cheo cha aliyeiandika, na ieleze kazi uliyoifanya. Ieleze hasa: kutoka tarehe ngapi hadi tarehe ngapi, kwa siku nzima au nusu siku, ulipika nini, kwa wageni wangapi, ulisimamia nani. Hapa ndipo tunapoharibikiwa hata tukibahatika kupewa barua. Tumeziona nyingi. "Tunathibitisha kuwa Bi Fulani alifanya kazi kwetu kwa uaminifu na tunamtakia kila la heri." Barua kama hiyo ni dua. Tunaipokea kwa mikono miwili, tunasema amin, lakini afisa wa uhamiaji hawezi kuitumia.

Na yule dada yetu mwaka wake wa masufuria hauhesabiki kama mwaka wa upishi. Kama tangazo la kazi linasema miaka miwili ya kupika, barua itenganishe: mwaka fulani alikuwa muosha vyombo, tangu mwaka fulani akawa mpishi. Kuchanganya ni kujitafutia maswali.

Kuna na suala la tarehe. Sifa zote lazima uwe nazo siku ile ombi la uthibitisho wa Wizara ya Kazi lilipopokelewa. Tangu shauri la Wing's Tea House la mwaka 1977 msimamo wao ni huo: ujuzi ulioupata baada ya siku ile haukusaidii katika ombi lile. Kwa hiyo kusema "nitakimbilia kozi wakiniuliza" ni kuchelewa. Unachotakiwa kuonyesha ni cha nyuma, na cha nyuma kinashikwa na watu wanaohama, wanaozeeka na wanaouza hoteli.

Haya, dada yetu amerudi nyumbani na aproni yake. Siku ya tatu akapigiwa simu na dalali wa Dar es Salaam, sijui namba aliitoa wapi. Akamwambia barua inapatikana: karatasi yenye nembo, muhuri, sahihi ya meneja, na namba ya simu itakayopokelewa na mtu atakayesema "ndiyo, tunamfahamu". Laki tatu. Akamwambia tena, na hapa ndipo tulipokasirika, "Si uongo dada, kwani hukufanya kazi pale?"

Tulijadiliana sana barazani kuhusu maneno hayo, na hatutaficha kwamba wapo kati yetu waliomwona dalali ana hoja. Kazi alifanya kweli. Dhuluma ya kunyimwa barua ni ya kweli. Mtoto anahitaji kula. Kwa nini asichukue haki yake kwa njia ya pembeni?

Jibu letu ni hapana. Sahihi ile ni ya mtu ambaye hakuiweka, na atakayepokea simu atatoa ushahidi wa jambo ambalo hakulishuhudia. Kila aliyekaa madrasa miezi mitatu anajua ushahidi wa uongo umewekwa kundi gani la madhambi. Hatuhitaji kuhubiriana zaidi ya hapo. Na kwa mwenye kutaka hesabu za dunia: sheria ya Marekani inamfungia maisha mtu aliyedanganya jambo la msingi ili apate viza, na njia ya kuombewa msamaha ni nyembamba. Wanayo desturi ya kupiga simu wenyewe na kukagua. Dada angegeuza miaka sita ya kweli kuwa uongo mmoja kwenye faili lisilofutika.

Hata hapa nyumbani tumeyaona. Aprili 2017 Rais Magufuli alipokea Dodoma ripoti ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, na waliokutwa na vyeti vya kughushi walikuwa 9,932. Wakaondolewa kazini. Wengine walikuwa wametumikia miaka mingi, kazi wanaijua, wagonjwa na wanafunzi wanawapenda. Kujua kazi hakukuwaokoa.

Kitu kingine, na hiki mkikate mkibandike ukutani: tangu Julai 2007 kanuni za Wizara ya Kazi ya Marekani zinamkataza mwajiri kumtwisha mfanyakazi gharama za ule uthibitisho wa kazi, pamoja na ada ya mwanasheria wa mwajiri kwa shughuli hiyo. Anayekudai mamilioni "ya uthibitisho wa Wizara ya Kazi" anakula fedha yako.

Dada yetu alifanyaje? Alimtafuta shefu wake wa zamani. Aliuliza kwa wapagazi wa boti ya Nyamisati, akauliza kwenye kundi la WhatsApp la waliofanya kazi pamoja, mwishowe akampata Zanzibar kwenye hoteli nyingine. Shefu akaandika barua kwa jina lake mwenyewe: wakati ule nilikuwa na cheo hiki, huyu alikuwa chini yangu, alianza kupika mwezi fulani, alikuwa anafanya hivi na hivi, leo napatikana hapa. Wenzake wawili waliokuwa naye jikoni wakaapa kiapo mbele ya wakili. Akaongeza picha zenye tarehe, ujumbe wa simu wa ratiba za zamu, na barua pepe ya mgeni mmoja aliyemwandikia kuusifu mkate wake. Kanuni zenyewe zinasema barua ya mwajiri ikikosekana, ushahidi mwingine utaangaliwa, na mwanasheria amemwambia aeleze pia kwa maandishi alivyokwenda hotelini akaambiwa faili halipo. Amepeleka. Anasubiri. Shefu yule hakuwa na deni lolote kwake, Mungu amlipe.

Lakini kwa nini ilimbidi ahangaike hivyo? Hapa tunageuka kwa mabosi, na tunaomba wasitoke kwenye ukurasa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema, kifungu cha 15, kwamba mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi anapoanza: kazi gani, tangu lini, mahali gani, saa ngapi, kwa malipo gani. Maelezo hayo mwajiri anatakiwa ayatunze miaka mitano baada ya ajira kwisha. Kifungu cha 44 kinasema ajira ikiisha mwajiri atoe cheti cha utumishi. Yaani barua tunayoiomba kwa kunyenyekea, tumeshika mtandio, tunasema "samahani bosi kama hutajali", ni haki iliyoandikwa kwenye sheria ya nchi zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Na ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa anayenyimwa haki zake kazini.

Tunawajua wanaofanya vizuri, wapo hapa hapa kisiwani. Tunawajua na wanaosema, "Huyu mama ni kama ndugu yetu, mkataba wa nini?" Undugu huo una maajabu yake. Siku ya mshahara ni mfanyakazi, siku ya likizo ni ndugu, siku ya barua hajulikani. Dada, ukiitwa ndugu kazini, uliza mchango wa NSSF wa huyo ndugu unaingia lini. Ile taarifa ya michango, mwezi kwa mwezi na jina la mwajiri, ni shahidi ambaye hoteli ikiuzwa hahami.

Waislamu tusingepaswa kuambiwa haya na bunge. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandika. Inaamrisha deni liandikwe, mwandishi awe mwadilifu, mashahidi wawepo, na watu wasichoke kuandika, liwe dogo au kubwa. Kazi ya mtu ambayo hujamwandikia ni deni pia, ndivyo tunavyoona sisi. Mwenye duka Kilindoni anaandika sukari nusu kilo aliyokopesha, jina na tarehe. Binti anayemuuzia duka miaka minne hana mstari hata mmoja.

Tuje kwenye elimu, ambako lawama ni zetu zaidi.

Wangapi kati yenu mna cheti chenyewe cha kidato cha nne kutoka Baraza la Mitihani, NECTA? Tunauliza cheti chenyewe. Wengi mna kile cha kumaliza shule alichotia sahihi mkuu wa shule, mkadhani ndicho. Cha NECTA kilikuja shuleni baadaye, wakati tayari umeshaolewa au umekwenda Dar kwa shangazi, na hukurudi kukichukua. Au ulirudi ukaambiwa kuna mchango hujalipa, ukaona aibu. Vyeti vya wanawake wa kisiwa hiki vimekaa kwenye makabati ya shule vinaliwa na mchwa. Nenda ukachukue. Umeolewa, una wajukuu, nenda. Kama kilipotea mkononi mwako, anza na taarifa ya polisi na namba yako ya mtihani, uwaulize NECTA utaratibu. Kama chuo au taasisi inataka uthibitisho wa matokeo, NECTA huyapeleka kwa taasisi yenyewe. Na usikipige laminesheni! Cheti kilichofungwa kwenye plastiki hakipigwi muhuri juu yake, na mihuri ndiyo utakayoihitaji. Hata anayekwenda Oman kufundisha au kuuguza ataambiwa vyeti vipite Wizara ya Mambo ya Nje na ubalozini.

Wauguzi wana njia yao: Marekani imewaweka kwenye orodha inayoitwa Schedule A, kwa hiyo mwajiri hahitaji kwanza kutafuta Mmarekani. Lakini ushahidi haukupungua. Cheti cha CGFNS au kufaulu mtihani wa NCLEX, au leseni ya jimbo, na kwa cheti kile chuo chako na Baraza la Uuguzi na Ukunga ndio wanaotuma rekodi zako. Chuo ulichotoka ukiwa na deni la ada hakitakuwa na haraka.

Halafu majina. Ya Rabi, majina! Shuleni mwalimu aliandika Mwanaisha, NIDA wameandika Mwanaasha, cheti cha kuzaliwa kilichotolewa miaka ishirini baadaye kinasema Asha, na nyumbani unaitwa Mama Shani. Kwa afisa aliyeko ng'ambo hao ni wanawake wanne. Wengi wetu tulizaliwa nyumbani kwa mkunga, tarehe ikakisiwa kwa msimu wa maembe. Hilo si kosa letu, lakini ni kazi yetu kulinyoosha sasa, kwa kiapo au kwa hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, kabla ya pasipoti, wala si baada. Na maharusi wa siku hizi mnaokimbilia kuweka jina la mume kwenye pasipoti kwa sababu linapendeza Instagram, mmeambiwa na nani? Desturi yetu ni mwanamke kubaki na jina la baba yake. Desturi hiyo ingekulindia vyeti vyako vyote bila kulipa senti.

"Mie sikusoma, haya yananihusu nini?" Hili tuliulizwa na fundi cherehani wa miaka mingi, ambaye nusu ya maharusi wa Kilindoni wamevaa mkono wake. Yanamhusu yeye kuliko wote. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: mtu anapimwa kwa kazi anayoijua, anaelekezwa palipopungua, akifaulu anapewa cheti cha taifa. Mafundi wa kiume, waashi, maseremala, wa magari, wameuchangamkia. Wapishi nao wapo. Wanawake wa kushona tuulizeni, chuo cha mkoa wetu kiko Kibaha. Safari ya Nyamisati ni ndefu, tunajua, na boti ikichafukiwa na bahari mtatulaani. Basi mkienda wengi kwa pamoja mna nguvu ya kuwaomba wapimaji wavuke waje.

Anayejifanyia kazi mwenyewe hana bosi wa kumwandikia, kwa hiyo ajiandikie kwa risiti: leseni ya biashara, namba ya mlipakodi, daftari la oda zenye tarehe, picha za kazi, malipo ya simu. Mpaka hina anayepokea harusi thelathini kwa mwaka ana biashara. Aitunzie kumbukumbu kama biashara.

Tunajua na swali ambalo baadhi yenu mmelishika tangu mwanzo: mwanamke atasafirije peke yake kwenda kupika kwa watu? Hilo muulizeni shekhe wenu na mlizungumze na waume zenu, sisi si mamufti. Tunasema tu kwamba ombi lile humchukua na mume, na watoto wasiooa walio chini ya miaka 21. Tumezoea mke kuwa mkia wa faili la mume, na hakuna sheria inayosema faili lisiwe lake.

Na hata bibi harusi anayemfuata mumewe tu, ambaye viza yake haitamuuliza cheti cha shule, akishafika atataka kusoma au kufanya kazi, na watamuuliza. Mume anaweza kuumwa. Mume anaweza kufa. Anaweza kukuacha kwenye theluji, tumeyasikia. Aliyeacha vyeti kwa mjomba ataanza kupiga simu Mafia saa tisa usiku.

Milango nayo haikai wazi kukungoja. Januari 2020 Watanzania tulifungiwa bahati nasibu ya viza ya Marekani kwa tangazo la siku moja, na Januari 2021 tangazo lile likafutwa. Kwa hiyo kabla hujalipa chochote popote, uliza mlango uko vipi leo, kwenye tovuti ya ubalozi wenyewe.

Mabosi wa kisiwani, tunawapa kazi moja. Wiki hii kaeni na karani wenu, andikeni barua za wanawake wote walioacha kazi kwenu miaka mitano hii, na tarehe zao na kazi zao. Wasioweza kuandika kwa Kiingereza watutafute, kati yetu wapo walimu, tutawasaidia bure.

Bibi harusi wa juzi anaondoka baada ya Mfungo Sita. Mjomba hatimaye alipokea simu, akasema begi liko juu ya kabati, hajalifungua. Tumempeleka kaka yake. Cheti cha kidato cha nne kimepatikana, kimekunjwa mara nne. Cha chekechea alikofundisha miaka mitatu hakipo, kwa sababu hakikuwahi kuandikwa, na mwalimu mkuu wa pale amestaafu yuko Bweni. Kesho asubuhi wawili wetu tunakwenda huko na kalamu, karatasi, na kilo mbili za sukari za heshima.